Fonti ya Mwalimu Nimal

Binti aliyerithi benchi langu la ufundi aliniuliza, siku nilipokuwa nikikusanya vitu vyangu, kwa nini miaka yangu ya mwisho sikuwa nikifungua faili la mteja hata mwenyewe akiniomba. Nilimjibu kwa mkato, kama kawaida yangu nikiwa na njaa, akanuna. Jibu refu ni hili. Wenzake nao wanaweza kulisoma, wakipata nafasi baina ya mashine moja na nyingine. Vyeo na mishahara sitavitaja, maana cheo sikupata, na mshahara mnaujua.

Mimi ni Raya, mzaliwa wa Wete, Pemba. Nilifika London mwanzoni mwa miaka ya tisini kumfuata mume wangu, aliyetangulia kwa mambo ya siasa. Miaka miwili nilitandika vitanda hotelini, na jioni nikasoma kozi ya kompyuta. Darasani nilikuwa mwanamke peke yangu, tena mwenye mtandio. Cheti nilichopata hakuna aliyekitaka isipokuwa Mzee Kantilal, Muhindi wa Tanga mwenye duka la ufundi pale mtaa wa Tooting, na nadhani hata yeye hakukisoma.

“Shikamoo, mzee,” nilimwambia nilipoingia kuomba kazi.

Alivua miwani akanitazama. “Marahaba. Miaka mingapi sijaitikia neno hilo! Umeleta nini kitengenezwe?”

“Sijaleta kitu. Natafuta kazi.”

“Basi kesho njoo na gauni usilolipenda.”

Siku ya kwanza alinipa kompyuta iliyofungwa, bisibisi moja, na brashi ya kupakia rangi. Akaniambia nifungue, na kama naogopa vumbi nirudi hotelini. Ndani mlikuwa na vumbi la kutosha kupanda mchicha, maganda ya karanga, na mende mmoja aliyekufa zamani. Nilipogusa pasipotakiwa nikapigwa shoti hadi kiwikoni. “Sasa mmejuana,” alisema Mzee Kanti, akaendelea na chai yake. Brashi ile niliitumia mpaka nywele zake zikaisha, na hadi leo sijaona kifaa kinachoishinda.

Mzee Kanti alikuwa fundi wa taipureta tangu Tanga, na kompyuta alizihesabu kuwa ni taipureta zilizoota kiburi. Alikuwa na kanuni moja, ambayo aliniambia siku ya kwanza na kila siku baada ya hapo: mwenye lugha asome. Ujanani alimtengenezea mtu taipureta ya Kigujarati akaunganisha herufi mbili mahali pasipo pake, na kadi za harusi nzima zikatoka na jina la bwana harusi lenye maana ya punda. Tangu hapo hakuna mashine iliyotoka dukani kwake kabla mjuzi wa lugha hajaandika mstari na kuusoma kwa sauti. Kigujarati alisoma yeye. Kiarabu na Kiswahili nilisoma mimi. Kitamili na Kisinhala tulitoka mlangoni tukaita mtu, maana Tooting hukosi mtu wa lugha yoyote ukisimama mlangoni dakika mbili. Nilikuja kuiamini kanuni ile kuliko cheti changu.

Intaneti ilipoingia majumbani, kazi iligeuka. Awali tulitengeneza mashine zilizokufa. Sasa tukaletewa mashine zilizougua. Nikiuliza, “Umepakua nini?” jibu lilikuwa lile lile: mtoto kabofya. Kila kompyuta ya Tooting ilibofywa na mtoto, hata ya kapera. Wanaume wengine walikaa dukani wakiangalia nyaya za umeme kama wanaotaka kununua, wakimsubiri Mzee Kanti atoke chooni, kwa kuwa hawakuweza kuniambia walichokuwa wakikitazama, mimi mwanamke wa mtandio. Niliwatafsiria methali yetu, kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Walitabasamu kwa adabu, wakaendelea kuficha.

Sasa lazima niwaeleze jambo la fonti, kwa sababu nyinyi hamkulikuta. Leo herufi za Kisinhala, ile lugha ya Wasri Lanka wengi, zimo ndani ya kila kompyuta. Wakati ule hazikuwamo. Kila tovuti ilikuwa na fonti yake, yaani faili lenye maumbo ya herufi, na usipokuwa nayo uliona takataka za herufi za Kiingereza, kana kwamba kuku kapita juu ya kibodi. Hata kusoma gazeti ilibidi kwanza upakue fonti ya gazeti hilo. Kwa hiyo watu wale, watu makini na wenye kusoma sana, walizoeshwa jambo la hatari bila kujua: kupakua kitu wasichokijua ili wasome wanachokitaka. Wezi wakaliona hilo.

Zilikuwapo tovuti za hadithi za watu wazima kwa Kisinhala. Maandishi matupu, mambo ya chumbani, hazina hata picha. Sikuzisoma wala nisingeweza, lakini nilizijua kwa madhara yake. Waliozitembelea hawakuwa wahuni. Walikuwa wauguzi, madereva, makarani, watu wa kufunga vifungo vyote vya shati. Tovuti iliwaambia: pakua fonti hii usome. Faili la fonti ya kweli lina mkia wa ttf mwishoni mwa jina lake. La kwao lilikuwa na mkia wa exe, yaani ni programu, na mashine za siku zile zilitoka kiwandani zikiwa zinaficha mikia, mtu haoni ila jina. Akibofya, herufi zinakuja kweli, anasoma hadithi yake, na chini kwa chini programu inafungua mlango wa nyuma. Nyingine zilinakili kila nywila iliyochapwa. Nyingine zilifanya modemu, kile kisanduku cha kuunganisha intaneti kwa waya wa simu, ipige simu yenyewe, kwa gharama ya mwenye nyumba, kwenye visiwa ambavyo hata mimi, mtoto wa visiwani, sijavisikia. Nyingine zilitafuna folda nzima ya fonti, na kila ulichowahi kuandika kikawa hakisomeki. Kuviondoa virusi hivyo nilijifunza kwa wiki chache. Kuwafanya watu waseme wamevipata wapi, nimestaafu bila kujifunza.

Alhamisi moja, miaka ya elfu mbili ikiwa bado michanga, aliingia Mwalimu Nimal na kompyuta yake kifuani. Kwa kazi alikuwa msukuma vitanda vya wagonjwa hospitalini. Ualimu wake ulikuwa wa Jumapili, bila malipo, katika ukumbi wa kuazima, akiwafundisha watoto wa Kisinhala waliozaliwa London kuandika herufi za wazee wao. Nilimheshimu mno kwa hilo. Binti yangu mwenyewe nikimsemesha Kiswahili ananijibu kwa Kiingereza, na sikuwa na mwalimu wa kumpelekea.

Tulizungumza Kiingereza, yeye na chake na mimi na changu. Alisema masomo yote aliyoyaandika kwa miaka mitatu yamegeuka takataka, na Jumapili ile watoto walikuwa wasome mbele ya wazazi wao.

“Umepakua nini, mwalimu?”

“Fonti.”

“Kutoka wapi?”

“Tovuti ya Kisinhala.” Alikuwa akiitazama kaunta. “Bibie, tafadhali, ondoa virusi tu. Mafaili usiyafungue. Nitayaangalia mwenyewe nyumbani.”

Katika miaka yangu yote ndiye mteja pekee aliyenijibu ukweli mara ya kwanza, na sikumsikia. Nilidhani anaona haya ya mwandiko wake, kama walimu wanavyoona haya mtu akiwasahihisha. Nikaandika jina lake na nambari ya simu kwenye kibandiko, kwa herufi kubwa, nikakibandika juu ya mashine.

Ijumaa nilikuta ugonjwa: programu iliyojiita jina la fonti, na folda ya fonti imetafunwa. Niliisafisha, nikarudisha fonti safi kutoka kwenye diski yetu ya flopi. Jumamosi mchana Mwalimu Nimal alipiga simu. Wagonjwa walikuwa wengi, angetoka kazini jioni na kuja moja kwa moja kabla hatujafunga, na asubuhi yake ndiyo Jumapili yenyewe. Asingekuwa na muda wa kuangalia chochote. Mzee Kanti siku hiyo alikuwa harusini Leicester, nami nilikuwa peke yangu na kanuni yake. Niliwafikiria watoto wale wamesimama mbele ya wazazi na makaratasi yasiyosomeka. Nilitaka kumfanyia wema. Nikatoka mlangoni nikamwita Bi Chandra.

Bi Chandra alikuwa muuzaji katika duka la jirani la vyakula vya Sri Lanka, mtu wa mchuzi na samaki wakavu, mwenye huruma na mdomo mwepesi. Alikwisha kutusomea mara nyingi. Alikuja akijifuta mikono, akavaa miwani, akasimama pembeni yangu. Folda ilikuwa na mafaili yaliyopangwa vizuri, somo la kwanza hadi la sitini na nne. Fundi hujaribu faili la mwisho, kwa kuwa ndilo lililoguswa karibuni na ugonjwa. Nikafungua la sitini na nne.

Skrini ilijaa herufi za mviringo, nzuri, kila moja mahali pake. Nilifurahi.

“Zinasomeka?”

“Vizuri kabisa,” alisema Bi Chandra, akaanza kusoma kwa sauti huku akinitafsiria kwa hisani yake. “Mvua ilikuwa ikinyesha. Mwenye nyumba amesafiri. Mkewe akafungua mlango, na nguo yake...”

Mdomo ulifungwa lakini macho yaliendelea, mstari kwa mstari, mpaka chini ya ukurasa. Kisha akakisoma kibandiko.

“Hii ni ya Mwalimu Nimal?”

Na mimi, Mungu anisamehe, nikamjibu kwa furaha, “Ndiyo. Ni masomo ya watoto.”

Alitoka bila kuaga. Binti yake alikuwa mwanafunzi katika darasa lile, jambo ambalo nililijua na sikulikumbuka. Ilinichukua muda, nikiitazama skrini nisiyoweza kuisoma, kuelewa nilichokifanya. Nikakimbia dukani kwake. Wateja walikuwapo, ikabidi niseme kwa sauti ya chini.

“Bi Chandra, yale si ya darasani. Yameletwa na virusi.”

“Virusi vinajua Kisinhala?”

Ukweli ni kwamba waliovitengeneza walijua vizuri ni nani anayetafuta nini kwa lugha ile, lakini ningeueleza vipi bila kusema mwalimu alikuwa amekwenda wapi? Nilisimama pale baina ya mifuko ya mchele, fundi mwenye cheti, nikiwa nimesema uwongo mbaya tena wa kijinga.

Mwalimu Nimal alikuja jioni akiwa na sare ya hospitali. Simu yake ilikwisha kulia ndani ya basi, na habari alikuwa nazo. Hakupaza sauti. Aliketi kwenye kiti cha wateja, nikamweleza kila kitu kama kilivyokuwa, bila kujitetea.

“Ulifungua lipi?”

“La mwisho.”

“Mpaka la arubaini na tisa ni masomo,” alisema. “Yaliyobaki ni hadithi, nilizificha kwa jina la somo.” Alikunja mikono ya sare yake. “Nilipopata intaneti nilitafuta lugha yangu. Nilikuta vitu viwili tu: habari za vita vya kwetu, na hadithi zile. Habari za vita nilikuwa nazo za kutosha.”

“Ungeniambia, mwalimu.”

“Nilikuambia usifungue.”

Akaibeba mashine yake akatoka. Ilikuwa imepona kabisa. Niliandika kwenye daftari kwamba imerudishwa ikiwa nzima, kwa kuwa hivyo ndivyo tulivyoandika siku zote.

Jumapili ile watoto hawakusoma. Wazazi wengine walisema mwalimu alichanganya machafu na masomo ya watoto wao. Wengine walikwenda mbali zaidi, wakasema ndiyo aliyokuwa akiwafundisha. Nilikwenda kwa wakubwa wao wawili kumtetea. Niliwaapia kwamba hakuna mtoto aliyeonyeshwa kitu, kwamba masomo ni masomo, na yale mengine yalikuwa yake mwenyewe, mtu mzima nyumbani kwake. Walinisikiliza kwa heshima. Lakini angalieni mtego nilioutega: kila nilipothibitisha kwamba hakuwasomea watoto, nilithibitisha kwamba alizisoma. Kabla ya kwenda kwao ulikuwa uvumi. Nilipotoka ulikuwa na shahidi. Mkewe alikwenda kwa dada yake, mji mwingine, akabaki huko. Darasa lilifungwa, na hakuna aliyejitolea kulifungua, maana nani angetaka kuwa mwalimu wa pili?

Mzee Kanti aliporudi nilimwambia. Alisikiliza mpaka mwisho, chai inapoa.

“Kanuni ni yangu,” alisema.

“Mkono ni wangu, mzee.”

Hakuitaja tena kanuni ile mpaka alipofariki, na mwanawe aliporithi duka hakuwahi kuisikia. Ndiyo maana hata nyinyi hamuijui.

Wasinhala waliacha kuja dukani. Nani apeleke mashine yake kwenye duka linaloita majirani kusoma? Ila virusi havikuacha kwenda kwao. Zaidi ya mwaka baadaye shida ilimpa muuguzi mmoja wa Kisinhala ujasiri wa kuja. Kwa miezi mwizi alikuwa na nywila yake, akiwaandikia jamaa zake kwa jina lake, akiwaomba siri ambazo huombwa na ndugu tu. Barua za marehemu baba yake, alizokuwa amezihifadhi ndani ya mashine, zilikwisha kuharibika zisirudi. Nilijaribu siku tatu. Nilimuuliza kwa nini hakuja mapema.

“Niliogopa mtazisoma,” alisema.

Kwa alivyonieleza, zilikuwa barua za mzee akimwuliza mwanawe kama anakula vizuri. Hakuna aibu yoyote ndani yake. Lakini alikuwa amepakua fonti, na pale Tooting, baada ya Mwalimu Nimal, kusema umepakua fonti kulikuwa sawa na kukiri. Nilimrudishia mashine tupu, nikaingia stoo nikalia kwenye maboksi.

Kwa hiyo, mlio kwenye benchi, fanyeni haya hata kama mimi siyaamini sana tena. Mashine ya mteja ikifika, onyesheni mikia ya mafaili kabla ya kitu kingine, na mumwonyeshe mwenyewe aione. Mwambieni kwamba fonti haijiendeshi. Ikitaka kuendeshwa kama programu, si fonti. Furushi la hadithi linalotaka kwanza uzime kinga ya virusi, lina mwenyewe na hakutakii mema. Ulizeni faili limetoka wapi, msiulize lilikuwa la nini. Na mteja akisema usifungue, usifungue, hata kama kesho ni Kiyama. Nayasema haya nikijua kwamba herufi sasa zimo ndani ya mashine na wezi wamehamia kwenye mambo mengine. Nilichokijua kimepitwa na wakati. Aibu za watu zipo vile vile, na wezi bado wanazitegemea.

Nilipostaafu nilinuia hija. Kwetu mtu haondoki kwenda Makka kabla ya kupita kwa kila aliyemkosea akaomba radhi. Orodha yangu ilikuwa ndefu kiasi, wengi wao mawifi, lakini jina la juu lilikuwa moja. Bi Chandra ndiye aliyenipa anwani, bila kuniuliza naitakia nini. Nadhani naye hakuwa akilala usingizi wote.

Mwalimu Nimal alikuwa Hayes, chumba kimoja, akifanya kazi ghala la mizigo karibu na uwanja wa ndege. Amekonda, nywele zimeisha. Alinitengenezea chai, akanipa na kipande cha sukari guru nikiume kando ya kikombe, kama wanavyokunywa kwao. Nilimweleza kwa nini nimekuja, na kwamba bila radhi yake naona hija yangu haina uso.

“Nilikusamehe siku ile ile, bibie,” alisema. “Ulitaka watoto wasome.”

Nililia, naye akaniacha nilie. Nilipojifuta macho niliona mezani barua yenye zile herufi za mviringo, na kando yake karatasi aliyokuwa akiandika jibu. Jibu lilikuwa kwa Kiingereza. Aliona nimeliona.

“Mama yangu,” alisema. “Ana miaka themanini na zaidi.”

“Anajua Kiingereza?”

“Hata neno. Jirani humtafsiria.”

“Mwalimu, kwa nini usimwandikie kwa lugha yake?”

Alikizungusha kikombe mezani, mara moja, mara mbili.

“Kila nikianza herufi ya kwanza,” alisema, “namwona mtu amesimama pembeni yangu anasoma.”

Hakusema kwa kunisuta. Ingekuwa nafuu kama angenisuta. Akaniongezea chai, nikainywa, nikamuaga. Radhi yake nilikwenda nayo Makka na nimerudi nayo, na mama yake bado anazisikia barua za mwanawe kwa mdomo wa jirani.